Barua Ambayo Nunu Hakuituma

Mate yalikuwa yakimjaa mdomoni tangu alipotoka ofisini, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika, na Nunu binti Hashil alikuwa akiyameza kimyakimya ndani ya bajaji huku maduka ya Tegeta yakimpita bila yeye kuyaona. Hakuwa amekula kitu kibovu. Hakuwa na homa. Kilichomchafua roho ni mwanaume, tena mwanaume ambaye Nunu aliamka asubuhi hiyo akimpenda, na ambaye baba yake Nunu alikuwa amekubali Jumamosi iliyopita kumwozesha.

Wasichana wengine posa ikikubaliwa huanza kuhangaikia rangi ya kitenge cha sherehe. Nunu alikuwa anakwenda Boko kumtazama mchumba wake usoni.

"Dada, una kichefuchefu?" dereva aliuliza akimwangalia kwenye kioo. "Nisimamishe?"

"Endesha tu, kaka. Hiki hakitokani na safari."

Mchumba mwenyewe aliitwa Mudathir. Yeye na Nunu walifanya kazi kitengo cha kompyuta katika kampuni moja ya kugandisha samaki huko Kunduchi, chumba kimoja chenye kiyoyozi kikali na harufu ya pweza isiyotoka hata ukipuliza nini. Kampuni ile iliishi kwa barua pepe. Wanunuzi, wakaguzi, mahoteli, wenye meli, wote waliandika, na barua zilikuwa nyingi hadi mtu asiweze kuipata hata aliyoisoma jana. Ndiyo maana kulikuwa na programu ya kutafutia: inasoma kila barua iliyomo katika masanduku ya wafanyakazi, inaitengenezea faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu, na mtu akiandika neno moja tu, barua yake iliyopotea inamjia. Kila mmoja alitakiwa kuona za kwake, basi. Mkuu wa programu hiyo alikuwa Mudathir, na Nunu msaidizi wake.

Mapenzi yalianzia humo humo kwenye baridi. Siku moja Nunu alikuwa na hamu ya mkate wa kumimina, ule wa iliki nyingi aliokuwa akiupika bibi yake, na kesho yake Mudathir akaingia na kipande kimefungwa kwenye karatasi, bado kina moto.

"Umejuaje?" Nunu alimwuliza siku hiyo.

"Nimehisi tu," akajibu Mudathir, na yale macho yake ya upole yakatazama chini.

Ikawa hivyo kila mara. Nunu akiwa na huzuni ambayo hajamweleza mtu, Mudathir atamwachia ujumbe wa kumtuliza kuhusu jambo lile lile. Akichukia mafuta fulani ya nywele, Mudathir anayaacha bila kuambiwa. Hata siku zake za mwezi, tumbo likianza kumsokota, atakuta chai ya tangawizi mezani. Nunu alikuwa akimwambia kila mtu kwa fahari, "Mudathir ananijua kabla sijafungua mdomo." Alidhani Mungu amemletea mtu aliyeumbwa kwa ajili yake. Ukikumbuka kwamba alidhani hivyo, utaelewa kwa nini mate yalimjaa.

Nyumbani kwao Buguruni hawakumtaka. Mzee Hashil, mwenye duka la vitambaa na viungo aliloachiwa na baba yake, naye na babu yake, alimkataa Mudathir, kijana wa Kimakonde kutoka Newala, posa ya kwanza kabla kahawa haijapoa. "Wamakonde ni watu wangu, nauza nao, nazikana nao," alisema. "Lakini binti yangu, hapana." Nunu alilia, akagoma kula, akabembeleza, akatuma mashangazi. Alipigana mwaka mzima kwa ajili ya mtu yule.

Jumamosi ndiyo posa ilirudi. Mzee Fakihi, mshenga wa upande wa Mudathir, aliingia sebuleni na wazee wenzake na masinia ya halua na ubani, na Nunu akakaa nyuma ya pazia na mama yake, masikio yamesimama. Safari hii mambo yalikwenda vizuri. Mzee Hashil aliuliza kuhusu kazi ya kijana. Akauliza anaswali msikiti gani. Hata akacheka kidogo.

Mama alimminya Nunu mkono. "Leo baba yako kalainika," alinong'ona. "Tulia tu."

Lakini Mzee Fakihi hakujua kwamba mwenzake kalainika. Alikuja na silaha aliyokabidhiwa, na mtu mwenye silaha mkononi huwashwa na vidole. Akakohoa.

"Mzee Hashil, sie hatukuja kugombana. Ila ni vizuri ujue na binti mwenyewe amefikia wapi. Amesema baba akikataa tena, atakwenda kwa kadhi amsimamie ndoa, nawe ubaki na duka lako na ukoo wako."

Nyuma ya pazia mama aliuachia mkono wa Nunu.

"Kasema nani?" Mzee Hashil aliuliza taratibu.

"Binti yako."

"Hivyo hivyo? Duka langu na ukoo wangu?"

"Ndiyo maneno yake, mzee. Sie tumeyapokea tu."

Mzee Hashil aliweka kikombe chini. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka pale pale kwenye mkeka. "Basi. Sitaki mwanangu asimame mbele ya kadhi kama mtu aliyefiwa na baba. Nimekubali. Pangeni siku."

Wanawake waliofuatana na mshenga walipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Nunu, aliyeomba jambo hili mwaka mzima, alimgeukia mama yake.

"Umesema maneno hayo, Nunu?" mama alimwuliza, macho yamemtoka.

"Sijamwambia mtu, mama. Wallahi sijamwambia mtu."

"Basi wameyaokota wapi?"

Hilo ndilo swali lililomkosesha usingizi. Maana maneno yalikuwa yake, neno kwa neno. Siku posa ya kwanza ilipokataliwa aliyaandika akiwa ofisini, saa ya chakula, kwenye barua ya kumpelekea dada yake Aya aliyeolewa Muscat. Nunu alikuwa na tabia hiyo. Simu yake nyumbani haikuwa yake. Mama anaipokea, shangazi anaipekua, watoto wa kaka yake Anwar wanachezea. Sanduku lake la barua pepe kazini ndicho chumba pekee alichokuwa na ufunguo wake. Huko aliandika kila kitu, nusu akamtumia Aya, nusu akaviacha vikiwa rasimu. Ile ya kadhi hakuituma. Kesho yake aliisoma, akaona haya, akaifuta.

Na tangu Jumamosi hiyo baba yake alikuwa hamtazami. Hakumgombeza, hakumsema. Akiingia yeye chumbani, baba anakumbuka kitu dukani. Nunu alizoea kugombezwa na baba. Kuogopwa naye hakujawahi kumtokea, na hakujua mtu anakaaje na jambo kama hilo.

Asubuhi ya leo, Jumatatu, Mudathir alikuwa likizo akipaka rangi nyumba ya Boko aliyokuwa akijenga waishi wakioana. Bosi wa kitengo, dada Jenipher, alichungulia mlangoni.

"Nunu, hivi ile apdeti ya programu ya kutafutia mbona haiwekwi? Wakaguzi wanakuja, mie sitaki aibu."

"Mudathir alisema tusubiri, dada."

"Kusubiri nini? Kwanza tusubiri wahasibu wafunge mwaka, halafu tusubiri mfungo uishe. Iweke leo."

Na kweli Mudathir alikuwa ameizuia mara zote. Mara ya mwisho alimshika Nunu bega akasema, "Tuoane kwanza, mpenzi, hiyo haina haraka," na Nunu akaona ni mahaba.

Watu wengi hubonyeza kitufe tu, programu ikajirekebisha yenyewe. Nunu alikuwa na tabia ya kusoma maelezo ya marekebisho kabla ya kuyaweka. Aliyasoma akinywa chai. Mengi yalikuwa mambo madogomadogo: utafutaji ulikuwa mzito, sasa umekuwa mwepesi, viambatisho vilikuwa havisomeki, sasa vinasomeka. Kisha akafika mahali akaweka kikombe chini. Watengenezaji walikiri kwamba katika toleo la zamani barua iliyofutwa na mwenyewe, hata kama ni rasimu ambayo haikutumwa, haikuondoka kwenye faharasa. Wakakiri tena kwamba mtu akiingia kwa akaunti ya majaribio ya fundi, aliweza kuona vipande vya barua za kila mfanyakazi. Yote mawili, walisema, yamerekebishwa.

Akaunti hiyo ya majaribio ilikuwa na nywila waliyoijua watu wawili, Nunu na Mudathir. Nunu hakuwahi kuigusa tangu siku programu ilipowekwa. Aliingia kwayo. Alipobonyeza kisanduku cha kutafutia, kabla hajaandika herufi hata moja, maneno yaliyowahi kutafutwa yakajitokeza chini yake, kama zinavyofanya programu zote siku hizi. *Nunu Aya. Nunu baba. Nunu nyumba. Nunu tumbo. Nunu kadhi. Nunu Mudathir.*

Alibonyeza lile la kadhi, na sentensi yake aliyoifuta mwaka jana ikamtokea usoni ikiwa nzima. Chini yake, kwa bahati mbaya ya neno hilo hilo, ikaja barua ya mama mmoja wa stoo aliyekuwa akidai talaka. Nunu akafumba macho. Aliweka apdeti akiwa hatazami, akasubiri imalize, akatafuta tena. Hakukuja kitu. Ndipo alipokwenda chooni akainama juu ya sinki, akatoa chai yote.

Bajaji ilimshusha mbele ya nyumba. Ilikuwa nyumba ndogo, nzuri, bado inanuka saruji mbichi, na hadi jana Nunu akiitazama alikuwa anataka kulia kwa furaha. Dirisha la jikoni lilitazama mashariki. Mlangoni kulikuwa na mche wa asumini. Rafu zilifungwa chini chini, kwa mtu mfupi. Mlango wa choo haukutazama sebuleni, maana nyumba ya Buguruni mlango wa choo ulitazama sebuleni, na Nunu aliwahi kumwandikia Aya kwamba akipata kwake hataki aibu hiyo tena. Aliandika pia jikoni, asumini na rafu. Hakuna hata kimoja alichomwambia Mudathir.

Mudathir alitoka na brashi mkononi, shati limejaa matone ya rangi, uso umejaa tabasamu.

"Mke wangu! Mbona saa hizi? Umetoroka kazini? Njoo uone chumba cha kulala, nimekipaka ile rangi, rangi ya..."

"Ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo," alisema Nunu.

"Hiyo hiyo. Umejuaje?"

"Niliiandika mwenyewe. Nimeweka apdeti, Mudathir."

Brashi ilisimama hewani. Rangi ikadondoka kwenye kiatu chake, naye hakuiona.

"Apdeti gani?"

"Usiniulize apdeti gani. Nimesoma ilichorekebisha. Halafu kabla sijaiweka nikaingia kwa akaunti ya majaribio, nikakuta ulivyokuwa unatafuta. Nunu baba. Nunu tumbo." Akamnyooshea kidole. "Nunu tumbo, Mudathir! Ile chai ya tangawizi niliyokuwa nakunywa na kukuombea dua!"

"Nunu, ngoja. Ingia ndani kwanza, watu wanasikia."

"Wasikie. Wewe unaona haya ya nini, wewe si mtu wa kusikiliza ya watu?"

Lakini aliingia. Hakukaa. Kila kitu mle ndani kilimtia kinyaa, kama nguo aliyoivaa akagundua mtu mwingine alikuwa amelala nayo. Alisimama katikati ya sebule akakunja mikono ili asiguse ukuta.

"Tangu lini?" akauliza.

Mudathir alikaa juu ya ndoo ya rangi. Alikuwa mwanaume mzuri, hata sasa, na hilo nalo lilimchukiza Nunu.

"Ilianza kwa bahati," alisema. "Nilikuwa najaribu kama programu inafanya kazi. Nikaandika jina lako kwa sababu ndilo lililokuwa kichwani. Nilikuwa nakupenda tayari, Nunu. Ikaja barua unamwambia dada yako kuhusu mkate wa bibi yako. Nikasema, siku moja tu."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea. Ulipokula ule mkate ulinitazama vile... Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo. Nikataka unitazame hivyo tena."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisoma kila siku."

"Si kila siku."

"Mudathir!"

"Karibu kila siku." Alijifuta uso, akajipaka rangi shavuni bila kujua. "Sikuchukua kitu chako kibaya. Sikumwonyesha mtu. Nilichokisoma nilikitumia kukufurahisha tu. Angalia hii nyumba! Mwanaume gani mwingine atakusikiliza hadi ajue rafu zako ziwe wapi?"

"Hukunisikiliza. Mie sikusema kitu. Ulinichungulia bafuni kwa tundu ukaja kuniambia nina mwili mzuri."

Mudathir aliinua kichwa, amechomwa. "Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nifundishe. Wewe ndiye unayeyajua maneno yangu kuliko mie."

"Ningekujuaje, Nunu?" Sasa na yeye alipandisha sauti, na sauti ilikuwa na uchungu wa kweli. "Niambie ningekujuaje! Mie mtoto wa mchonga vinyago kutoka Newala, baba yako ananitazama kama mtu aliyekuja kubeba magunia. Wewe ukikaa na mie unaona haya hata kusema una njaa. Ningekuuliza, ungenijibu?"

"Pengine nisingekujibu siku hiyo. Ningekujibu mwaka ujao. Au nisingekujibu kabisa, na ungekaa hivyo hivyo bila kujua, kama watu wote wanavyokaa na wake zao. Ile ya kadhi sikumwambia hata Aya. Niliifuta, Mudathir. Niliiandika nikiwa nimewehuka kwa hasira, na nikaifuta kwa sababu nampenda baba yangu. Wewe ukaifukua ukampa Mzee Fakihi akamtupie baba yangu mbele ya watu."

"Nilimwambia aitumie mambo yakiwa magumu tu. Sikujua baba yako atalainika."

"Hukujua kwa sababu baba yangu haandiki barua pepe."

Nje kuku wa jirani alikuwa akiparura chini ya asumini.

"Lakini amekubali," Mudathir alisema taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Nunu, tulitaka nini sie? Tulitaka akubali. Amekubali. Yaliyobaki tutayamaliza ndani, mie na wewe. Nitakuomba radhi maisha yangu yote. Hiyo programu imeshazibwa, sitakusoma tena hata nikitaka."

Nunu alimtazama. Na hapa ukweli usemwe: bado alikuwa anampenda. Mapenzi hayaishi kwa sababu mtu ametapika. Yalikuwa mle mle tumboni, yamechanganyika na kinyaa hadi hakuweza kuvitenganisha, na sehemu moja yake ilikuwa inatafuta mahali popote pa kushika ili isianguke.

"Mpigie baba," alisema.

"Nini?"

"Mpigie baba sasa hivi. Weka spika. Mwambie ulivyoyajua yale maneno. Anadhani nilikaa na wewe nikamtukana. Hanitazami tangu Jumamosi. Mwambie ukweli, halafu mie na wewe ndiyo tutazungumza."

"Nunu, nikisema hayo nimekwisha. Ikifika kazini wananifukuza, wanaweza wakanipeleka polisi."

"Baba hafanyi kazi kwetu. Ni mzee wa duka. Anataka kujua kama mwanawe alimuuza, basi."

Mudathir alitoa simu. Aliitazama muda mrefu, kisha akabonyeza. Ikaita. Upande wa pili kukasikika kelele za Buguruni, honi, mtu anauliza bei ya iliki.

"Asalaam aleikum, shikamoo mzee. Ni Mudathir."

"Waalaikumu salaam. Marahaba." Sauti ya Mzee Hashil ilikuwa ndogo. "Kuna nini, kijana?"

"Mzee, nilitaka kuzungumza kuhusu yale maneno ya Jumamosi. Yale ya kadhi."

Honi ikapita.

"Umefanya vizuri kupiga," alisema Mzee Hashil. "Maana na mie nataka kukuuliza jambo, na nimeshindwa kumwuliza mwenyewe, naona haya. Nilimlea mwenyewe yule. Mama yake alipougua, mie ndiye niliyekuwa namsuka nywele hapa hapa dukani, wateja wananicheka." Akamwambia mteja asubiri. "Yale maneno aliyasema kweli? Kwa mdomo wake? Alikwambia wewe?"

Mudathir aliinua macho akamtazama Nunu. Nunu aliitikia kwa kichwa, kidogo, kama anavyomwitikia mtoto anayeogopa kuruka mtaro. Ruka. Mie nipo upande huu. Aliona macho yake yakiondoka kwake, yakaenda kwenye ukuta wa rangi ya maziwa, kwenye dirisha, kwenye rafu.

"Aliniambia mwenyewe, mzee," alisema Mudathir. "Alikuwa na hasira tu. Naomba umsamehe."

*Umsamehe.* Alisema hivyo, na kwa huruma kabisa, kama mtu anayemtetea mkewe.

Kitu kilichokuwa kikimpanda Nunu kifuani tangu asubuhi kilitulia ghafla. Alinyoosha mkono akaichukua simu, na Mudathir hakuishikilia.

"Baba, ni mie."

"Nunu? Upo hapo?"

"Nipo hapa Boko, kwenye nyumba, nimesikia yote. Baba, sikumwambia. Niliandika. Siku ile uliyokataa mara ya kwanza nilikaa ofisini nikamwandikia Aya kwa hasira, kisha nikaona haya, nikafuta. Sikumtumia. Huyu ameingia kwenye barua zangu kwa njia ya kifundi akasoma hadi nilichofuta. Amekuwa akinisoma muda wote, yote ninayomwandikia dada. Ndivyo alivyojua."

Mteja wa iliki aliuliza tena bei. Mzee Hashil hakumjibu.

"Uliandika," alisema hatimaye.

"Niliandika, baba. Kwa hilo nisamehe."

"Ukafuta."

"Kesho yake asubuhi."

Alimsikia baba yake akivuta pumzi ndefu. "Mtu akiwa na hasira anaandika," alisema. "Mie siku hiyo hiyo nilimwambia mama yako bora ungezaliwa mwanamume. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuja kukusomea." Akakohoa. "Unamtaka bado huyo?"

Mudathir alisimama kutoka kwenye ndoo. "Nunu," alinong'ona. "Nunu, nisikilize, niliogopa..."

"Simtaki, baba."

"Basi usikae humo ndani. Simama barabarani, Anwar anakuja na gari."

"Na vitu vyao vya posa, baba?"

"Vitarudi leo. Halua tumeshaila, nitawanunulia nyingine."

Nunu alicheka, kicheko kifupi chenye machozi, cha kwanza tangu Jumamosi. Alimrudishia Mudathir simu, akahakikisha vidole vyao havigusani.

"Kesho naingia kwa dada Jenipher," alimwambia. "Sikuwa peke yangu mle. Kuna mama wa stoo, kuna wengine. Wana haki ya kujua."

"Utaniharibia maisha."

"Ukitaka nenda wewe kwanza, kabla yangu. Mie nitafika saa mbili."

Alitoka. Jua la Boko lilikuwa kali, lori la kokoto lilipita likarusha vumbi, na Nunu akasimama ukingoni mwa barabara akalimeza vumbi lile kwa raha, maana angalau lilikuwa vumbi la kila mtu. Nyuma yake Mudathir alikuja hadi mlangoni. Hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Nunu, usiniache hivi! Nitukane, nipige, lakini usininyamazie!" Sauti yake ilipasuka. "Sema basi. Unawaza nini?"

Nunu aligeuka akamtazama. Yale macho yaliyokuwa yakijua kila kitu yalikuwa yamemkodolea, yakimpekua uso, midomo, mikono, yakitafuta, na hayakupata kitu. Alikuwa na mengi kichwani siku hiyo, machungu na matamu, na mengine yanamhusu yeye Mudathir. Hakumwambia hata moja.